Shada la Mlangoni

Nyamwaga, Tarime
Desemba

Kaka Simioni,

Shikamoo. Habari za huko Arusha? Wifi Judith na watoto wanaendeleaje? Sisi huku mwili ni mzima, mahindi yamebeba vizuri na ndizi zipo. Barua hii nimempa Heche, anayekuja huko kwa shughuli zake, maana kila nikikupigia simu baba anasogea karibu na kusikia yote.

Juzi juzi nilikwenda Tarime mjini kumtafutia baba zawadi ya Krismasi. Tangu tumzike mama nyumba imepooza, nikaona nimtundikie mlangoni shada la majani mabichi. Kuna dada pale sokoni, Beatrice, anayasuka mwenyewe. La plastiki nililikataa. Nilinusa la majani ya jimbi, nikanusa la mkrismasi, ule mti wa kupambia Krismasi, nikachukua hilo la mkrismasi kwa harufu yake. Beatrice aliniuliza kama ni la kaburini au la nyumbani. Niliposema la nyumbani, akafungua utepe wa zambarau na kufunga mwekundu.

Baba alilitazama sana pale mlangoni, halafu akaniuliza taratibu, "Nani amekufa?"

Nilimweleza kwamba ni pambo tu la sikukuu. Akasema shada huwekwa penye msiba, nisimfiche. Kisha akauliza, "Mama yenu yuko wapi?"

Kaka, nilidhani ni uchovu. Nikamkumbusha kwamba mama tulimzika mwaka jana, kaburi lile pale nyuma ya migomba. Alikaa chini akalia kama siku ya msiba wenyewe, mpaka majirani wakaja. Asubuhi alikuwa amesahau. Akauliza tena, nikamwambia, akalia upya.

Nilimpeleka kwa daktari. Alisema ni ugonjwa wa kusahau, na dawa ya kuuponya hakuna.

Sasa nikueleze jambo nililolifanya. Alipouliza tena tulipofika nyumbani, sikuweza. Nilimwambia mama amekwenda Ringwani kwa ndugu zake, atarudi Krismasi. Hilo, kaka, hajalisahau. Amevaa shati la kanisani, kutwa anakaa njiani anamngoja. Ukweli siwezi kumwambia tena, na Krismasi ndiyo hiyo inakuja. Sijui nifanye nini. Njoo.

Msalimie wifi, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Baba naye anakusalimu sana. Anasema ukija upitie Ringwani, umchukue mama.

Mdogo wako,
Elieth