Wimbo Usio na Pa Kupigia Yowe

Nyuma ya kanisa,
El Tecomate, Sinaloa.
Oktoba 2, 2023.

Mpendwa mpwa wangu Leobardo,

Salamu tele kutoka nyumbani. U mzima? Baridi ya huko Yakima imekubakizia vidole vya kuchumia matufaha? Sisi huku wazima. Goti linaniuma, lakini hata likiuma nawapita vijana kwa mwendo, uliza yeyote.

Wimbo wako umefika. Uko kwenye simu ya kila mtu, hata ya padri. Nimeusikiliza mara mbili, ya pili ni kwa ajili ya udugu tu. Mwanangu, ule ni wimbo au ni mtu anayeongea na kiazi moto mdomoni? Umechukua gita la milimani, lilelile la babu yako, ukaongeza tuba, tarumbeta nene kama langu, nami nikakaa vizuri kitini. Kisha ukamwaga ngoma ya mashine, tiki tiki tiki, kama kuku anayedonoa sufuria tupu. Yuridia amekuacha, tumesikia, pole. Lakini hata mbuzi akichinjwa hulia. Wewe unanong'ona.

Na pa kupigia yowe pako wapi? Wimbo wa kuachwa lazima ufike mahali mwimbaji anyamaze, na kila mwenye kidonda arushe kichwa nyuma atoe yowe lake. Langu la kule Mazatlán lilisimamisha treni, dereva akashuka kuuliza nani kafiwa. Wewe umeushindilia wimbo maneno kama gunia la mahindi. Sindano haipiti.

Sasa sikia ya Ijumaa, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Bendi yetu ilikuwa uwanjani, mimi na tuba langu. Akaja Yuridia, kamshika mkono yule muuza matrekta wake mpya.

"Mzee Gume," ananiambia huku anacheka, "nipigieni ule alionitungia mpwa wako."

Unajua kwetu anayeomba hupigiwa, mpiga tarumbeta hachagui. Tukapiga. Wakacheza, Leobardo. Wakayakanyaga machozi yako kana kwamba yamenyunyizwa kutuliza vumbi. Mzee Abundio, yule mgane, alifungua mdomo apige yowe, akakosa pa kuliingiza, akaufunga. Akajaribu tena, vilevile. Watu wakaanza kucheka.

"Huyu analia au ana mafua?" akasema muuza matrekta, kwa sauti, asikike.

Mama yako alikuwa pembeni anauza tamale za unga wa mahindi. Nilimwona akiinamia sufuria, mvuke wote usoni, asionekane.

Hapo nikatoa mdomo kwenye tuba. Bila tuba wimbo wako hauna miguu. Klarineti zikayumba, ngoma ikakatika, bendi nzima ikanigeukia. Mimi nimewahi kunyamazisha mvua, sembuse bendi.

"Gume, umepatwa na nini?"

"Subirini. Kuna mtu hajapumua."

Nilikuwa namaanisha Abundio. Lakini yowe lilitokea kwenye tamale. Dada yangu Obdulia, ambaye hata siku ya kumzika baba yako hakutoa sauti, alisimama na upawa mkononi akalitoa. Jembamba, refu, likapanda, likavunjikia juu, likashuka polepole. Lile langu la Mazatlán lilikuwa kikohozi.

Hakuna aliyecheka tena. Muuza matrekta akavua kofia, nadhani hata yeye hajui kwa nini. Yuridia akamwachia mkono, akatoka uwanjani peke yake, macho chini. Ndipo tukaumalizia wimbo wako, na safari hii watu waliusikiliza.

Kwa hiyo rudi studio. Ng'oa ule ubeti wa mvua kwenye kioo cha gari, ni upuuzi mtupu, pawe wazi. Usijaribu kupajaza wewe, huna kifua. Nimemwambia mama yako ndiye atakayepajaza. Kakataa kwa kichwa, kazungusha kidole kwenye kipaji kuwa mimi mwendawazimu, kisha kaniuliza kwa ishara simu inarekodi vipi.

Abundio anakusalimu, anasema utakapopaacha wazi umjulishe. Shangazi zako nao wanakusalimu. Mtakatifu Mikaeli akushikie ngazi kule juu ya matufaha, akuepushe na ile mashine ya ngoma.

Mama yako anakusalimu sana. Kwa kawaida hunitajia maneno nami nikamwandikia, lakini safari hii hawezi: sauti imemkauka tangu Ijumaa.

Wako akupendaye, usipoimba na unapoimba,
Mjomba Gumersindo