Nani Alichomoa Kinga za Gumbo?

Usta,

Fundi wangu, huku watu wanakuita mwizi. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai ungenikata, ukiniita binti kwa Kiarabu chako: "Ya biniya, wacha salamu, sema iko nini." Basi iko hivi.

Wiki mbili baada ya kukuzika, radi ilipiga karibu na kile kiwanda cha maji cha Gumbo. Draivu ya pampu kubwa, kile kisanduku kinachopandisha na kushusha mwendo wake, ikaungua mpaka harufu ikafika barabarani. Meneja akafungua bodi ya umeme kuangalia zile kinga ulizofunga wewe mwenyewe. Vikalio vipo. Vile vipande vinne vinavyochomekwa juu yake, ndivyo hasa vinavyomeza umeme ukiruka, hakuna hata kimoja. Akasema mzee alifunga maganda tu, vya ndani akauza. Maneno yamevuka daraja la mto, yamefika ng'ambo ya pili, Kator, mpaka kanisani. Mama Poni, mke wako, anasema kuna mafundi wamekataa kuja kwenye maombi ya arobaini yako.

Nikaapa nitamjua aliyefanya hivi.

Nilianza na mlinzi. Mbona kila nikitaja bodi anaangalia viatu vyake? Na mbona ana redio mpya? Nikamzungukia siku mbili, nikimletea chai, nikimchokonoa. Hakusema kitu, nami nikaona kunyamaza kwake ndiko ushahidi.

Kisha meneja akaniambia nichague kinga nyingine. Huyo naye nikamtilia shaka: kwa nini mimi, mwanafunzi wa mtu anayemwita mwizi? Nikaenda kwa muuza vifaa wa Kator. Kabla sijamaliza sentensi ameshaweka moja mezani, "Hii ndiyo yako, dada." Yangu kivipi? Nikaigeuza, nikatafuta alama za bisibisi yako, nikidhani ni mojawapo ya zilizoibwa. Nikakumbuka ulivyonifundisha: anayekuuzia kinga bila kuuliza umeme wa jenereta yako unapanda mpaka volti ngapi, huyo anauza sanamu. Ukichagua ya volti za chini mno, jenereta ikipanda kidogo tu kinga inajiua yenyewe. Ukichagua ya juu mno, mashine inakufa kinga ikitazama. Na waya wa ardhini uwe mfupi, usizungushwe kama kamba ya mbuzi. Yule bwana hakuuliza lolote. Nikatoka nimeshamhukumu.

Halafu, Usta, nikakushuku wewe.

Ulikuwa umekohoa miezi mingapi? Dawa ya kifua haitolewi bure. Nikakumbuka ulivyonituma kiwandani peke yangu ile siku yako ya mwisho, nikajiuliza kama ulikuwa hutaki kukutana na ile bodi. Siku tatu nilitembea na wazo hilo. Nilikaa kwa Mama Poni nikala asida, ugali wake, nikiwa nalo kichwani. Akanisifu kwamba nimebaki mwaminifu kwako. Nikamega tonge jingine.

Jana akanirudishia ovaroli yangu. Nilikuja nayo matangani, wamama wakanivua, wakanifunga lawa, kile kitambaa cha kufungwa begani, nayo ikabaki kwenye msumari nyuma ya mlango wake bila kuguswa. Alitaka kuifua, akahisi mfuko mzito. "Chukua vyuma vyako," akasema.

Vilikuwa vinne.

Aki, Usta, nilivitambua palepale: ndivyo vile vipande vya bodi. Siku ile uliyonituma nilikwenda kupima nyaya kwa mega, kile kifaa cha kujua kama zinavujisha umeme. Mega inasukuma umeme mkali, na kinga zikiachwa mahali pake zinadanganya kipimo, kwa hiyo lazima uzichomoe kwanza. Wewe ulikuwa unazitia ndani ya kofia yako, kofia unaiweka sakafuni mbele ya bodi, ili mlango usifungike bila kuigonga. Mimi sina kofia. Nilizitia mfukoni. Simu yangu ikalia, ni Mama Poni: "Njoo. Njoo sasa hivi." Nikafunga bodi, nikawasha, nikakimbia kutafuta boda, na bado sikukuwahi.

Mama Poni aliniona nalia, akadhani nakulilia wewe. Nilimwambia yote, hata zile siku tatu.  Akasema, "Kusahau, angekutukana, kalas, ingeisha." Ya siku tatu hakuyagusa. Akainuka kwenda jikoni.

Nimemwomba mlinzi msamaha. Alicheka kwa uchungu, akasema redio ni ya shemeji yake. Leo nimekwenda kwa meneja, nikaweka vile vinne mbele yake. Amenifukuza. Sawa.

Lala salama, Usta wangu. Jumapili, maombi yakiisha, nitasimama mbele ya mafundi watakaokuja, na Jumatatu nitapita mlango kwa mlango kwa wasiokuja. Nitawaambia kosa langu, kisha nitawaambia na lile baya zaidi: kwamba watu wa Gumbo walikuita mwizi bila kukujua, na mimi nilikuita hivyo nikikujua.

Biniya wako