Kwa Mkwe Wangu, Uliyeyajua Maua ya Asubuhi

Mama mkwe mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimeuelekea ukuta, na usicheke. Umeshazikwa pale Ipagala, lakini haya ninayo bado.

Unakumbuka siku ya kwanza? Mimi mtoto wa mpagazi wa Kinyamwezi, ningejua nini mila za Ugogo? Nilikukuta njiani na kibuyu chako, nikakukabili meno nje: "Shikamoo mama!" Lo! Ulitumbukia kwenye miiba, kibuyu huko, wewe huku. Binti yako alinisema mpaka jioni. "Mkwe hatazamwi, wala jina lake halitajwi. Umeoa wapi wewe?"

Wakati ule nilikuwa kazini kwa yule Mdachi tuliyemwita Bwana Majani. Alizunguka nchi nzima akitafuta ukoo mmoja tu wa mimea, ndugu zake kiazi kitamu, wale wenye maua kama tarumbeta. Kazi yangu ilikuwa kuchuma, kulaza ua katikati ya karatasi na kulibana kwa mbao. Sasa kila nililolifikisha kambini lilikuwa limejikunja kama tumbaku. Bwana alinitupia miguuni. "Keshokutwa nakwenda pwani. Ukileta uchafu huu tena, kazi huna!"

Nilirudi nyumbani nimenywea. Binti yako akakuhadithia, nawe ukanijibu ukiwa nyuma ya ukuta wa tembe: "Mwambie mwenzako, ua hilo halimngoji mvivu. Jua likipanda, linafunga mlango. Apeleke karatasi kwenye ua, asilete ua kwenye karatasi."

Alfajiri tukatoka. Wewe mbele, binti yako katikati, mimi nyuma na mbao kichwani. Nilichokiona ni mgongo wako na jembe begani. Ulipogonga ardhi mara mbili, hapo ndipo nilipochutama, nikalaza maua yangali na umande: meupe yenye koo la zambarau, mengine ya waridi. Mbele ya kijiji cha Kizota ukagonga penye kijiti kilichosimama wima. Nikamnong'oneza mke wangu, "Hiki hakitambai. Mama amekosea." Kumbe masikio unayo! Hukugeuka. Ulivunja shina, maziwa yakachuruzika kama ya shina la kiazi kitamu. "Mwambie, si kila ndugu hutambaa."

Bwana alipokiona alijipiga paja. Ndicho alichokitafuta miezi yote ile! Akachovya kalamu. Pembeni mwa kila karatasi huandikwa jina la aliyechuma.

"Wewe?"

Wallahi, shetani alinijia. Ningesema ndiyo, nani angenibishia? "Si mimi, Bwana. Ni mama mkwe wangu."

"Jina lake?"

Nikatikisa kichwa: mkwe hatajwi. Yeye akacheka, akasema basi ataandika langu, maana karatasi haiwezi kukaa bila jina.

"Usiandike langu, Bwana," nikasema. "Kama ni hivyo, nifukuze."

Ndipo nikasikia sauti yako nyuma ya hema. Sijui ulifika saa ngapi. Ulisimama umejifunika nguo kichwani, umenipa mgongo, ukalitaja jina lako kwa sauti ya kumwita ng'ombe aliyepotea. Ukataja na la baba yako. "Andika," ukamwambia Mdachi kwa Kiswahili chako cha kuungaunga. Naye akaandika!

Niliziba masikio, mama, lakini nilichelewa.

Watu hunisifu kwamba nilikuwa fundi wa maua. Nawaambia usione vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda ni mkwe wangu. Najivuna, sifichi. Karatasi zile zimevuka bahari, na wasomi wa huko Ulaya wanakutaja wapendavyo. Mimi nimelisikia jina hilo mara moja tu, na sitalitamka mpaka nife.

Binti yako amejifungua mtoto wa kike mwezi huu, akampa jina lako. Hapa nyumbani wote wanamwita kwa jina, hata majirani. Mimi namwita Mama.

Lala pema. Wanao wote hawajambo.

Ni mimi,
mkweo mbeba mbao