Kitovu cha Salimu

Mukuju, karibu na Tororo

Kwa Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu, Mama, kutoka huku ambako jua linachelewa kuzama kuliko huko kwetu Vanga. Kifua chako kimepoa? Mbuzi wako wamezaa? Mimi sijambo, na mjukuu wako Salimu hajambo kabisa. Leo ana siku ishirini na sita, na ananyonya bila huruma.

Najua kaka Omari akimaliza kukusomea salamu hizi utamkatiza: "Na kitovu je?" Ndilo neno nililokaa kuliandika. Siku ile stesheni ya Mombasa uliniambia mume nimfuate, lakini kitovu cha mtoto wa kwanza kirudi Vanga, kizikwe pale ulipozika changu. Nikaapa. Tafadhali nisikilize mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Mkweo Yusufu hatulii nyumbani, anapeleka pamba kwa lori kati ya Busia na Tororo, kwa hiyo alinileta nijifungulie kwa mama yake. Mavyaa wangu huyu ni mkulima, mtu wa kanisani kila Jumapili, maneno machache, mikono mikubwa. Ndiye aliyenizalisha. Alifunga kitovu kwa uzi aliouchemsha, akakata kwa wembe mpya, akakiacha hivyo hivyo. Nikamuuliza dawa ya kupaka iko wapi. Akasema, "Hiyo nakauka yenyewe. Wewe ngoja tu."

Mimi sikungoja. Nilijiona mtu wa pwani niliyeangukia kwa washamba wasiojua kulea, nakiri. Alipokwenda kupalilia mtama nilitoa ile chupa ya mafuta ya nazi uliyonifungia safari, nikachanganya na masizi ya chungu kama ulivyonifundisha, nikampaka mtoto. Mafuta yalikuwa yameanza kunuka kwa joto la sandukuni, lakini yalikuwa mafuta ya kwetu, na nilipoyanusa nililia. Nikampaka siku tatu kwa siri.

Siku ya nne mtoto alikuwa moto, hataki ziwa, na ngozi kuzunguka kitovu imekuwa nyekundu. Mavyaa akafungua nepi, akanusa kidole chake.

"Nani naweka kitu hii?"

Nikamwambia ni mimi. Nikangoja matusi, hayakuja.

"Vaa nguo. Sisi nakwenda kwa dresa."

Nikasema sijatimiza arobaini, kwetu mzazi hatoki nje. Alikuwa ameshambeba mtoto.

"Arobaini nangoja. Mtoto hapana ngoja."

Tulikwenda kwa miguu hadi Tororo, yeye mbele na mtoto kifuani, mimi nyuma najikokota na tumbo linauma. Kila nilipokaa alisimama akanisubiri. Dresa, yule bwana anayetibu vidonda, alikiosha kitovu kwa maji ya chumvi, akatupa dawa, kisha akauliza kwa ukali nani kampaka mtoto uchafu ule. Nilifungua mdomo. Mavyaa akanitangulia.

"Ni mimi, bwana."

Mama, alikaripiwa mbele ya watu kama mtoto mdogo. Mwanamke aliyezalisha karibu nusu ya Mukuju! Wengine pale benchini alikuwa amewazalisha yeye. Akainamisha kichwa, akasema amesikia, akabeba mjukuu wake tukatoka. Njiani hakulitaja jambo hilo, na mpaka leo hajalitaja.

Baada ya siku mbili joto likashuka, Salimu akanyonya. Tukawa tunamlinda kwa zamu mchana kutwa, kitovu kisije kikaanguka juu ya uume wake akakosa watoto ukubwani. Nilidhani hofu hiyo ni yetu sisi wa pwani tu, kumbe hata huku wanayo, tukacheka.

Siku ya kumi na moja kikaangukia kiganjani mwa mavyaa alipokuwa akimwogesha mtoto. Akakifunga katika kitambaa safi, akanipa. "Chukua. Yusufu nasema mama yako nangoja."

Mimi nilijua kwamba nyuma ya nyumba, kwenye shina la mgomba, palikuwa na shimo dogo lililofunikwa kigae. Alilichimba siku Salimu alipozaliwa. Hakulitazama.

Basi nimekizika pale, Mama, kwa mkono wangu. Nilifikiria kukuandikia kwamba kimeliwa na kuku, nikaona haya. Nimevunja kiapo changu kwako na moyo unaniuma. Lakini yule mwanamke alibeba kosa langu mbele ya watu, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Nisalimie kaka Omari anayekusomea, na shangazi msuka mikeka. Mdogo wangu Mwanajuma, ambaye nasikia siku zake za kujifungua zimekaribia, mwambie asimpake mtoto kitu chochote, hata ukimwambia wewe. Nisamehe kwa neno hilo. Mavyaa ameniona naandika, ameuliza kama umekasirika. Nimemwambia hapana. Mama, naomba usiniache nimekuwa mwongo.

Ni mimi mwanao mkosa,
Mwanakombo