Nimesaini vyuma ambavyo sikuviegemea

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, mimi ni msimamizi wa ujenzi, nimezunguka nchi nne, majengo niliyokagua ukiyapanga unapata mji mzima, na kipimo changu ni hizi kilo mia na ishirini, maana vyuma vya roshani huwa naviegemea mwili wote, vikinibeba mimi vitabeba hata kiboko, ndiyo maana mafundi wananiita Mizani. Sasa kuna wodi ya wazazi, ghorofa ya pili, vyuma vya roshani yake kavichomelea shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, siku ya ukaguzi nikakuta rangi bado mbichi, akaniambia, "Shem, utachafua shati bure, mimi hunijui?" nikacheka, nikasaini fomu bila kugusa kitu. Juzi fundi rangi kaegemea pale kufuta jasho, vyuma vikamwachia, akaenda hadi chini, kavunjika nyonga na madaktari hawasemi kama atatembea. Nikapanda kuangalia, kila kiungo kimeshikizwa kwa nukta mbili tu za kuchomelea, kwingine ni puti ya kuzibia na rangi juu yake, na shemeji kesharudishia kipande kilichong'oka vilevile, anawaambia watu jamaa kateleza kwenye ngazi. Mke wangu naye kasema, "Mtaje, halafu mama yangu utamweleza wewe." Jumatatu mwenye jengo anakuja kupokea, na ataiamini saini yangu, nani asiyemjua Mizani? Mimi ni mtu wa mzaha, mshauri, lakini hapa mzaha umeniishia, nifanye nini.

Mizani,

Pole, ila pole kubwa ni ya fundi rangi. Wewe ulihurumia shati. Nchi nne ulizunguka kutafuta nini, baba?

Leo, siyo Jumatatu, tia kufuli mlango wa roshani, ufunguo ukae nao. Kisha mpigie mwenye jengo, mwambie fomu ile ni ya uongo na ni wewe uliyeisaini, na umtaje aliyechomelea. Vyuma vyote ving'olewe, vichomelewe upya na fundi mwingine, vipimwe kabla ya rangi, na anayepima asiwe ndugu wa mtu. Halafu nenda hospitali, mweleze yule majeruhi ukweli. Akikutukana, nyamaza.

Kazi unaweza kupoteza. Mkeo atanuna, mama mkwe hatapokea simu yako, sikudanganyi. Lakini usingoje nyumbani kwako wakubali kwanza. Watakaoegemea pale ni wajawazito wanaopunga upepo, na wao hakuna atakayewauliza kama wamekubali.