Mama Zawadi Iko Muzima

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Nimepalilia viazi mpaka saa sita. Mgongo unauma. Saa kumi mazoezi ya kwaya. Wimbo mpya haujakaa, sauti ya kwanza wanakimbia, sauti ya tatu wanalala. Nimewarudisha mara saba.

Nilipotoka kanisani, motari, yule wa pikipiki anayebeba fromaji zetu, jibini la ng'ombe, mpaka Masisi, alinisimamisha njiani. Anasema wiki iliyopita alifika Kalembe, akabeba mama mmoja mwenye gunia la mihogo. Mama akamuuliza kama anafahamu Bihambwe, kijiji chetu. Akamwambia, mimi ninatoka kule. Akamuuliza kama kanisa letu lingali pale. Jina lake Mama Zawadi.

Nimemwuliza mara mbili. Mrefu? Mrefu. Ana kovu kwenye kidevu? Analo.

Yuko hai. Miaka tisa watu wanasema alikufa njiani, kwenye mvua, siku ileile alipokimbia. Miaka tisa nimeamini. Yuko hai, anauza mihogo.

Siwezi kukaa. Nimefagia nyumba ambayo nilishaifagia. Ni furaha. Nyuma ya furaha kuna woga, lakini leo furaha inautangulia.

Jumanne, tarehe 3

Niandike. Sijawahi kuliandika popote.

Mtoto wangu Espoir alikuwa na miaka sita. Siku ya Ijumaa alikunywa maziwa kwa jirani yetu, Mama Zawadi, kama alivyozoea. Usiku homa. Jumamosi hospitali, wakamtoa damu. Jumapili akafa. Nilitoka nje nikapiga kelele kwamba Mama Zawadi ni mulozi, mchawi, amempa mtoto wangu sumu. Sikuwa nimeona kitu. Nilitaka tu pawe na mtu wa kubeba kifo kile.

Jioni hiyo vijana walikuja. Nyumba yake ikachomwa. Yeye akakimbia na binti yake Zawadi kuelekea msituni. Huyo Zawadi alikunywa maziwa yaleyale na hakuumwa hata kidogo. Nililijua hilo pia.

Majuma mawili baadaye muganga wa hospitali aliniita. Akaniambia damu ya mtoto imeonyesha malaria, imepanda kichwani. Maziwa hayakuhusika. Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani. Sikumwambia mtu. Hata mume wangu. Yule muganga akahamishwa, ukweli ukabaki kwangu peke yangu.

Nikawa mwalimu wa kwaya. Nimefundisha nyimbo za rehema miaka tisa, mimi.

Jumatano, tarehe 4

Nimemwambia Pasta. Nilimkuta nyumbani anachagua mbegu za maharagwe, mke wake akatupisha. Nilisema yote bila kupumua. Akaendelea kushika punje moja mkononi, muda mrefu.

Nikamwuliza: "Mungu anaweza kusamehe muntu wa namna yangu?"

Nilitaka aseme ndiyo haraka. Hakusema haraka.

"Mama Espoir, zambi yako iko kubwa. Sitakudanganya. Ulivunja nyumba ya muntu na ukanyamaza. Lakini sijaona zambi yenye Yesu alifikia akarudi nyuma. Anasamehe. Hata hii."

Nililia. Akaningoja nimalize. Kisha akasema: "Sasa, kama Mungu amekusamehe, unaogopa nini kusema kweli? Ile mama angali anaitwa mulozi mu kijiji yetu."

Nimeteremka kilima karibu nikikimbia, mwanamke wa miaka arobaini na sita. Watu wameniangalia. Nilikuwa nacheka peke yangu. Jumapili nitasema mbele ya wote. Pasta atampigia simu mwenzake wa Kalembe.

Alhamisi, tarehe 5

Nimemwambia mume wangu, Papa Espoir. Alikuwa anakula. Akasukuma sahani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema: "Miye njo niliwasha ile moto. Nilichoma nyumba ya muntu mwenye hana kosa, na wewe ulijua."

Ameenda kulala kwa kaka yake.

Jumamosi, tarehe 7

Hajarudi. Mazoezi ya mwisho ya kwaya. Wimbo umekaa sasa, mzuri sana, hata nywele za mikono zilisimama. Wanawake wananiambia, mama, kesho itakuwa sikukuu.

Nimefikiri niache kusema kesho. Naweza kuacha. Hakuna anayenilazimisha, Pasta hatasema. Mama Zawadi ataendelea kuuza mihogo yake. Nimefikiri hivyo muda wa kumenya viazi vitano hivi. Halafu nikaona kwamba sitaki tena. Sitaki kurudi kule ndani. Nimeshaonja hewa.

Jumapili, tarehe 8

Nimesema.

Pasta aliniita kabla ya mahubiri. Nilisema: Mama Zawadi hakuua mtoto wangu. Mtoto alikufa kwa malaria. Nililijua tangu majuma mawili baada ya maziko, nikanyamaza. Mulozi hayuko. Mwongo yuko, ni mimi.

Halafu manung'uniko kama nyuki. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alibeba mukeka wake akatoka. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba nipelekwe kwa chefu wa kijiji, na nadhani ana haki. Msichana wa sauti ya kwanza, niliyemfundisha tangu mdogo, alikuwa ananitazama kama hanijui.

Ndipo upande wa wanaume mtu akasimama. Papa Espoir. Sikujua hata kwamba ameingia. Akaja mpaka mbele, akasimama kando yangu, bega kwa bega, bila kunitazama.

"Moto, njo miye niliwasha," akasema. "Andikeni na jina langu."

Baada yake vijana wengine wawili wa siku ile, sasa ni baba za watoto, wakasimama mahali walipokuwa. Walisimama tu. Mwishoni mama mmoja akaanza kulia, na wengine wakafuata, na Pasta hakuhubiri tena. Aliomba.

Nimeondolewa kwenye kwaya. Ni haki. Waliimba bila mimi na waliimba vizuri. Iliuma kidogo. Kidogo tu. Moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma, sijui kama wengine waliisikia.

Papa Espoir amelala nyumbani leo. Hajazungumza. Lakini amekula.

Jumatatu, tarehe 9

Jibu kutoka Kalembe. Pasta wa kule alimpelekea Mama Zawadi habari kwamba tunaomba kuja kumwona. Amejibu neno moja: "Bakuje." Waje.

Nimelirudia neno hilo siku nzima. Naligeuza kila upande. Lina hasira? Lina huruma? Bakuje. Papa Espoir ameazima koti la mvua.

Jumanne, tarehe 10

Moto, yaani pikipiki, mpaka Masisi, moto nyingine mpaka Kalembe, sisi wawili nyuma ya dereva. Matope. Tumeshuka mara nyingi kusukuma. Ng'ombe barabarani, vilima vinang'aa baada ya mvua, na mimi nikiwa na matope mpaka kwenye masikio nikitaka kuimba. Nikakumbuka ninakoenda, nikanyamaza. Halafu ikarudi tena, ile hamu ya kuimba.

Papa Espoir aliongea kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alisema: "Akitufukuza, tutarudi tena." Nikasema ndiyo.

Tumefika jioni. Tunalala kwa Pasta wa hapa.

Jumatano, tarehe 11

Tulimkuta kwenye shamba lake la mihogo, nyuma ya nyumba ndogo ya mbao. Amekonda. Nywele nyeupe. Kovu lilelile. Alitusikia akaendelea kulima mpaka mwisho wa mstari, ndipo akageuka.

Nilipiga magoti kwenye udongo. Papa Espoir pia. Nilisema kila kitu. Yeye akasema ya kuchoma nyumba.

Mama Zawadi aliuliza swali moja tu.

"Ulijuaka lini?"

"Nyuma ya juma mbili."

Hilo hakuwa nalo. Niliona likimwingia. Pengine alifikiri nilidanganyika miaka yote, kwamba nilikosea kwa uchungu wa mama. Aliweka jembe chini polepole, akaingia ndani, akafunga mlango. Tukabaki tumepiga magoti mpaka jua likawa kali. Halafu tukarudi kwa Pasta.

Siwezi kusema ana kosa. Mungu amenisamehe, naamini. Yeye si lazima. Nimeanza kuelewa leo kwamba ni vitu viwili. Lakini ule moto wa furaha haujazimika. Unashangaza. Amesikia ukweli, umetoka, uko nje kwenye mwanga. Hata akinichukia, atanichukia kwa kitu cha kweli.

Alhamisi, tarehe 12

Amekuja mwenyewe. Asubuhi, tukiwa bado tunanawa uso. Alisimama mlangoni na kitenge kichwani.

Nataka niandike maneno yake yote, nisipoteze hata moja.

Alisema: "Nilikulaani miaka tatu. Kila siku. Ikanichokesha. Nikaambia Mungu, Mama Espoir iko wako, umufanye vile unapenda. Jana nilitaka nirudishe ile laana. Nilitafuta maneno usiku yote. Haikukuja."

Akakaa kwenye kiti.

"Nimekusamehe. Wewe na Papa Espoir. Lakini Bihambwe sirudi. Musiniombe ile."

Hatukumwomba.

Kisha akasema kitu ambacho sikukitazamia. "Ule mutoto nilimupenda. Alikuwa ananiita mama mukubwa. Hamukunipa hata siku moja ya kumulilia."

Nikakosa pa kujificha. Katika miaka tisa sikuwahi kufikiria kwamba na yeye alifiwa. Niliteremka kwenye kiti nikakaa chini, yeye akateremka, tukakaa sakafuni tukamlilia Espoir, kama matanga yameanza leo. Papa Espoir alienda nje. Nilisikia naye analia, nyuma ya nyumba.

Mchana akatupeleka kwake. Alichemsha maziwa. Huku kwetu mtu akikupa kinywaji huonja yeye kwanza, ili uone hakuna sumu. Alijaza kikombe, akakiinua mpaka mdomoni mwake aonje. Nilinyoosha mkono nikakichukua kabla hajagusa. Nikanywa. Chote. Kilikuwa cha moto, kikaniunguza ulimi.

Alinitazama. Halafu akacheka, kicheko kilekile cha zamani, kinachoanzia tumboni. Nami nikacheka. Papa Espoir akatuuliza tunacheka nini, tukazidi kucheka.

Ameniambia Zawadi ameolewa na ana mtoto wa kiume. Amenionyesha picha kwenye simu. Masikio makubwa. Tumekula maharagwe na sombe, majani ya mihogo, kwenye sahani moja.

Siwezi kulala kwa furaha. Niandike nini tena. Rehema. Nimefundisha neno hilo na noti zake, sauti tatu. Sikujua lina uzito wa mtu kamili anayesimama mlangoni asubuhi.

Ijumaa, tarehe 13

Tumerudi. Nimeimba kwenye pikipiki kutoka Kalembe mpaka Masisi. Dereva akasema abiria wengine hulipa, huyu mama anatumbuiza. Papa Espoir aliimba sauti ya tatu. Vibaya sana, kama siku zote.

Jumatatu, tarehe 16

Kwaya bado si yangu. Ninakaa nyuma, karibu na mlango. Bibi yule aliyetoka na mukeka wake hajanisalimia. Asubuhi nilimpisha kisimani, akachota, akaenda.

Maharagwe yametandazwa nje yakauke. Mawingu yamekaa juu ya kilima tangu alfajiri.

Niliamka mapema nikaomba. Nikafika mahali ambapo kila siku, miaka tisa, ninamwomba Mungu anisamehe. Nikangoja maneno. Hapakuwa na kitu cha kusema.

Nikaomba jua.