Mtaalamu wa Mitandao na Muuza Maziwa wa Garsen

Dada Zaituni,

Hamjambo nyumbani? Joto la Garsen linatupika. Mtaalamu wa shirika niliyekuja kumtafsiria alitufundisha asubuhi nzima tusisambaze habari mitandaoni kabla ya kuzihakikisha. Wakati wa chakula, mdomo umejaa nyama ya mbuzi, akapokea ujumbe wa sauti kwenye simu unaosema nyumba zinachomwa kijijini Kilelengwani. Papo hapo akawatumia washiriki wote! Sahani zikaachwa, wafugaji na wakulima, ambao walishawahi kupigana, wakaanza kutazamana vibaya.

Aliyetuokoa ni Mama Halima, mwenyekiti wa kikundi cha wauza maziwa, aliyetuletea maziwa ya chai. Alimpigia rafiki yake mkulima wa hukohuko, sote tukisikia.

"Nyumba gani?" yule rafiki akacheka. "Mimi napalilia mpunga, kumetulia kabisa."

Watu wakaketi. Mama Halima akamgeukia mtaalamu. "Futa, kisha waambie umekosea."

"Nilitaka kuwatahadharisha tu."

"Andika, nakungoja."

Akaandika, jasho likimtiririka. Jioni alitugawia vyeti vya utumiaji mwema wa mitandao. Mama Halima akanyimwa, eti hakujiandikisha. Changu nimemrudishia mtaalamu.

Wasalimie watoto, Mungu awatunze.

Mdogo wako,
Rukia